Jina Alilolitaja Phoebe

Kitabu kilimfikia Phoebe siku ya Jumanne, akiwa amekaa mlangoni kwake anachambua kunde. Kililetwa na Jael mwenyewe, mke mwenzake, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa ua, hatua thelathini mlango hadi mlango. Jael hakukaa. Alisema ana watu wa viti na hema anawangoja, akakiweka kitabu juu ya kigoda.

"Soma polepole, Mama Wesley," alisema. "Utafurahi."

Kilikuwa kitabu chembamba, kimechapishwa mjini Kakamega. Jalada lilikuwa na picha ya zamani, nyeusi na nyeupe: Jael akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, amevaa sare ya chuo cha ualimu, amempakata mtoto mchanga. Chini yake palikuwa na maneno mekundu: *Mgongo Wangu Ulikuwa Kitanda. Mashairi ya Maisha Yangu.* Na chini kabisa, jina la Jael, na neno mwalimu mbele yake.

Phoebe aliitazama picha muda mrefu. Aliikumbuka siku ile. Yeye ndiye aliyembeba mtoto mgongoni kutoka nyumbani Mukumu hadi studio mjini, kwa miguu, kwa sababu Jael alikuwa na viatu vya chuo ambavyo havikupenda matope. Mpiga picha alipoona mtoto ananuna, alimwambia Phoebe asimame nyuma yake atikise funguo. Ndiyo maana mtoto kwenye jalada hatazami kamera wala hamtazami Jael. Macho yake yako pembeni kidogo, juu, na anacheka. Anamcheka mtu ambaye hayumo pichani.

Phoebe aliishia darasa la nne. Kusoma anajua, lakini kwa kidole, na mashairi yana tabia ya kukata maneno mahali ambapo mtu hayategemei. Kwa hiyo alimwita Maximilla, jirani yake wa upande wa mtoni, mwanamke mwenye sauti kubwa na miwani ya marehemu mumewe. Maximilla alikaa, akalamba kidole, akaanza kusoma kama anayesoma matangazo ya kanisa.

Alisoma shairi la Jael akienda shule bila viatu. Akasoma la Jael akiwa chuoni, matiti yanamwagika maziwa darasani, mtoto yuko mbali. Hilo Phoebe alilisikiliza ameinamisha kichwa, maana lilikuwa kweli. Akasoma la Andati, mume wao, alivyokufa. Akasoma la msichana anayempeleka mtoto wake kwa mama wa kulipwa, na simu ndiyo inayombembeleza. Kurasa zikapita. Phoebe aliendelea kungoja. Hakusema anangoja nini.

"Eh, Mama Wesley," Maximilla alisema alipofika katikati. "Mimi natafuta jina lako hapa kama mtu anatafuta sindano. Haliko. Hata kwa dawa haliko."

"Soma tu."

"Umeishi na huyu mwanamke miaka arobaini na ngapi? Hata mbwa wenu ameandikwa, ukurasa wa kumi na tisa. Mbwa ako na beti mbili."

"Maximilla, soma."

Maximilla akafungua ukurasa mwingine. Shairi liliitwa "Jina".

*Siku mbili ulilia, na mvua i mlangoni,*
*Majina nikapitia, ya wazee wa nyumbani,*
*Iminza nikafikia, kimya kikawa chumbani,*
*Shangazi katurudia, yumo mwangu mikononi.*

Kunde zilimtoka Phoebe mikononi zikamwagika miguuni. Aliomba lisomwe tena. Likasomwa tena. Halikubadilika.

Wale waliozaliwa juzi hawatajua uzito wa jambo hili, basi lielezwe. Siku hizi mtoto hupewa jina kabla hajakauka, mama akiwa bado kitandani hospitalini anachagua kwenye simu, na ukiuliza jina hilo ni la nani unaambiwa linapendeza. Zamani mtoto hakuchaguliwa jina. Alilia. Akilia kilio kile kisicho na homa wala njaa, mwanamke wa nyumba alimpakata akaanza kuwataja waliotangulia wa upande wa baba, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayegonga milango. Alipotajwa yule aliyetaka kurudi, mtoto alinyamaza akashika ziwa. Ikaisha hapo. Mtoto akawa ni mtu fulani aliyerudi, na mwanamke aliyemtaja alikuwa na sehemu katika maisha yake hadi kaburini. Mtoto akioa au akiolewa, huyo hakuachwa nyuma. Akifiwa, huyo aliitwa kwanza.

Mwaka ule wa themanini na moja, Andati alikuwa na wake wawili wachanga. Jael alikuwa chuoni. Phoebe alikuwa ameletwa kutoka kwao Butere, kule reli inakoishia, ili nyumba isikae bila moto. Phoebe alizaa kwanza. Mtoto wake akaishi siku tisa. Siku chache baadaye Jael akaja likizo na tumbo, akajifungua msichana, na wiki mbili baada ya hapo akarudi chuoni, maana mkuu wa chuo alikuwa ameandika barua kwamba asiporudi nafasi yake itapewa mwingine. Alimweka mtoto kitandani kwa Phoebe asubuhi, akaondoka akiwa ameshika ukuta.

Mtoto alilia siku mbili. Mvua ilinyesha kweli, hapo shairi halikudanganya. Mzee Makhanu, baba yake Andati, alikuwa amekaa barazani, macho yamekwisha kuingia ukungu, na wanawake wakubwa wa boma lile walikuwa wamekwisha kufa wote. Alikuwapo Phoebe peke yake, wa miaka kumi na tisa, na maziwa ya mtoto aliyekufa yangali yanampiga kifuani. Yeye ndiye aliyempakata. Yeye ndiye aliyetaja. Na ziwa lililoshikwa lilikuwa lake.

Tangu siku hiyo alimbeba, akamwogesha, akamtafunia viazi, akamkimbiza hospitali ya misheni alipopata surua. Kule kisimani wanawake walimwita Phoebe Mama Iminza. Aliitika. Jael aliporudi na cheti chake, mtoto alikuwa na miaka miwili, na kisima kikabadilika kwa siku moja: Mama Iminza akawa Jael. Phoebe akangoja mwaka mzima bila jina, mpaka alipomzaa Wesley.

Jioni hiyo ya Jumanne Phoebe alivuka ua, kitabu mkononi. Alimkuta Jael anapanga karatasi mezani.

"Umemaliza?" Jael aliuliza. "Upesi hivyo?"

"Nimefika ukurasa wa thelathini na moja."

Jael aliendelea kupanga karatasi. "Hilo ndilo watu wanapenda zaidi. Nililisoma kwa akina mama wa kanisa, wakalia."

"Mwalimu, wewe hukuwako siku hiyo."

"Phoebe, hilo ni shairi. Si ushahidi wa kortini."

"Shairi linasema 'nikapitia'. Nani alipitia? Linasema 'mikononi mwangu'. Mikono ya nani? Hata huo mgongo uliouweka huko mbele kwa herufi nyekundu, ni mgongo wa nani? Wangu ndio ulikuwa kitanda. Wako ulikuwa shule."

Jael alivua miwani. Uso wake ulikuwa mtulivu, uso wa mtu aliyetuliza madarasa ya watoto sabini. "Kila mama huku amebeba. Naandika kwa niaba ya wote."

"Basi ungeandika wote. Umeandika Jael."

"Sasa unataka nifanye nini? Vitabu vimeshachapwa. Jumamosi watu wanakuja kwenye uzinduzi. Iminza mwenyewe ameniomba nilisome hilo."

"Ameomba?"

"Ameomba. Alisema ndilo shairi lake."

Neno hilo lilimchoma Phoebe kuliko mengine yote. Alisimama akiwa ameshika kitabu kama sahani ya moto. "Jumamosi nitasimama niseme," alisema.

"Sema," Jael alijibu, akarudisha miwani. "Hakuna mtu amekufunga mdomo."

Lakini Phoebe alikuwa amefungwa mdomo, na aliyemfunga ni yeye mwenyewe, siku ile ile ya mvua.

Alikuwa ametaja majina yote ya nyumba ya Makhanu aliyoyajua, ya wanawake na hata ya wanaume. Mtoto hakunyamaza. Aliyataja tena kwa kuanzia mwisho. Mtoto alikuwa amekauka sauti, analia kwa mdomo wazi bila mlio. Ndipo Phoebe, kwa uchovu na kwa kumlilia mwanawe aliyezikwa nyuma ya nyumba, alijikuta anamwita mama yake mwenyewe, aliyekufa mwaka mmoja kabla hajaolewa. "Iminza," alisema. Si kwa kumtajia mtoto. Alikuwa anaomba msaada tu. Mtoto akafunga mdomo, akageuza kichwa, akanyonya mpaka akalala.

Mzee Makhanu akauliza kutoka barazani, "Ni nani amekuja?"

Jina la ukoo mwingine lilikuwa limeingia nyumbani mwa watu. Mfu wa Butere alikuwa amekaa katika mtoto wa Makhanu. Kwa kosa kama hilo mwanamke alirudishwa kwao, na wazee wakaketi, na kuku mweupe akachinjwa, na mtoto akaanza kutajiwa majina upya. "Ni Iminza, baba," alisema. "Shangazi wa marehemu baba yako." Mzee alifikiri sana. Alikuwa amezeeka, hakumkumbuka shangazi kama huyo, akaona haya kusema hakumkumbuka. "Ah, huyo," alisema. "Karibu, shangazi."

Ndivyo uongo ulivyoingia ukoo, na miaka arobaini na miwili baadaye ndio huo ulioingia kitabuni: *Shangazi katurudia*.

Phoebe aliutunza kama mtu anavyotunza kisu chini ya godoro. Lakini, Mungu amsamehe, aliufurahia pia. Iminza alikua, na Phoebe akaona mambo. Msichana alimimina kikombe cha kwanza cha chai akakirudisha kwenye birika kabla ya kuwapa watu. Mama yake Phoebe alifanya hivyo. Alilala ngumi ikiwa chini ya shavu. Alipokasirika hakupiga kelele, alifagia. Hakukuwa na tone la damu ya Butere ndani yake, na bado Phoebe alikuwa na mama yake uani, anakua upya mbele ya macho yake, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua. Hicho ndicho kilichomfanya avumilie kuitwa mama mdogo.

Sasa ama anyamaze, na kitendo kikubwa kuliko vyote alivyofanya maishani kisomwe mbele ya watu kwa jina la Jael. Ama aseme, na kila kitu kitoke pamoja, maana akisema aliyetaja ni yeye wataulizana alimtaja nani.

Siku tatu hakula vizuri. Maximilla alipita na kumtazama. "Hiyo si malaria," alisema. "Hiyo ni wivu."

"Ni wivu," Phoebe alisema. "Kwani nimekataa?"

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa. Walikuja walimu waliostaafu, akina mama wa kanisa kwa sare, vijana wa kutoka mjini wenye simu zilizoinuliwa juu. Iminza alikuja na gari lake dogo kutoka ofisi za kaunti, na mumewe, na gauni lililotiwa pasi. Alimkumbatia Jael, akasema, "Mama!" Kisha akamkumbatia Phoebe, akamnusa shingoni kama alivyofanya tangu utotoni, akasema, "Mama mdogo, umepungua. Huli?" Akamwekea kiti mstari wa mbele, pembeni.

Jael alisoma. Alisoma vizuri, hilo halina ubishi. Sauti yake ilikuwa imezoea kufika dirisha la nyuma. Alipofika kwenye "Jina", Iminza alijifuta macho kwa leso. Phoebe aliitazama ile leso. Watu wakapiga makofi. Mfawidhi wa shughuli, kijana aliyevaa tai pana, akasema, "Na sasa mama mdogo wa mwalimu, samahani, wa binti wa mwalimu, atupe salamu. Dakika mbili tu, mama, chakula kinapoa."

Phoebe alisimama. Alikataa kipaza sauti.

"Mimi naitwa Phoebe," alisema. "Hilo shairi ni zuri. Lakini Jael hakuwako. Alikuwa chuoni, na hakuwa na makosa, walikuwa wanamfukuza. Mtoto alinyonya kwangu. Majina niliyataja mimi."

Minong'ono ilipita. Iminza alishusha leso. Phoebe hakumtazama, maana angemtazama asingemaliza.

"Na Iminza si shangazi wa mtu wa huku. Mzee Makhanu nilimdanganya. Iminza ni mama yangu mimi, wa Butere. Nilimwita yeye, akaja. Nimeweka mfu wa kwetu katika mtoto wa nyumba yenu, na sikumwambia mtu. Sasa nimesema. Kama kuna mzee wa nyumba ya Makhanu hapa, aseme neno lake."

Akangoja. Alikuwa amejiandaa kwa yote: kwa kelele, kwa kutolewa ukumbini, kwa kuku mweupe, hata kwa kurudishwa Butere na miaka yake sitini na moja. Aliangalia mstari hadi mstari, akitafuta uso mmoja wenye hasira.

Kijana wa tai pana akaruka mbele. "Jamani, hiyo ni nzito! Tumpigie makofi ya kilo!"

Wakapiga makofi. Wakapiga kwa nguvu kuliko walivyompigia Jael. Simu ziligeuzwa kwake. Msichana mmoja akasema ni hadithi tamu sana, irekodiwe. Jamaa za Makhanu waliokuwapo, vijana wa miaka hamsini wenye vitambi, walicheka na kupiga makofi pia, na mmoja wao akamwuliza mwenzake kama kuku ameiva. Iminza akaja akimkimbilia, analia na kucheka. "Kumbe nina bibi mwingine! Mama mdogo, mbona hukuniambia? Lazima twende Butere tupige picha kaburini."

"Hujakasirika?" Phoebe aliuliza.

"Kwa nini nikasirike? Ni jina tu, mama."

Ni jina tu. Phoebe alikaa chini. Alikuwa amebeba mzigo huo miaka arobaini na miwili, na sasa alipoutua, alikuta hapakuwa na mtu aliyebaki wa kuupima. Wote ambao angewakosea walikuwa chini ya ardhi, na waliokuwa juu walikuwa wanaelekea kwenye sufuria.

Ndipo alipomwona Jael. Jael hakuwa amepiga makofi. Alikuwa bado amesimama kwenye meza, karatasi mkononi, uso umebadilika rangi kama jivu. Yeye peke yake ukumbini ndiye aliyekuwa amesikia.

Watu walipotoka kula, Jael alikuja akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Nje vijiko vilikuwa vinagonga sahani.

"Miaka yote hiyo," Jael alisema hatimaye, "nilikuwa namwita mama yako."

"Ndiyo."

"Nilipokuwa namchapa kwa hesabu."

"Ulikuwa unachapa mama yangu. Nilikuwa naingianga jikoni nisione."

Jael alicheka kidogo, bila furaha, akaacha. "Unajua niliporudi na cheti aliniitaje? Mtoto wa tumbo langu. Alijificha nyuma ya leso uliyojifunga akasema, 'Shikamoo, Mwalimu.' Miaka mitano aliniita Mwalimu. Nikimpa chakula anakutazama wewe kwanza. Hata kwenye ile picha anakutazama wewe. Nilijua, Phoebe. Nililiweka jalada hilo nikijua. Nilisema angalau kitabuni niwe na mtoto wangu peke yangu, kurasa sitini tu. Na sasa unaniambia hata jina si letu. Umeniachia nini mimi?"

Phoebe alitaka kusema kwamba amemwachia kila kitu: jina la Mama Iminza, cheti, gari mlangoni, watu kulia kwa leso. Lakini aliutazama uso wa mwenzake na akaona kitu alichokijua vizuri, kwa sababu alikuwa amekiangalia kwenye kioo chake kila asubuhi tangu Jumanne, na kabla ya Jumanne.

"Kumbe na wewe," alisema.

"Tangu themanini na tatu."

Wakakaa. Maximilla alichungulia mlangoni na sahani ya kuku, akawaona, akarudi nyuma bila kusema neno, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hilo shairi nitaliandika upya," Jael alisema. "Wakichapa tena nitaweka ukweli." Alichukua kalamu mezani, akageuza karatasi upande mweupe. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo, ya mtu anayeomba maji. "Nieleze. Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Phoebe aliitazama ile kalamu. Akaona birika, na kikombe cha kwanza kikirudishwa. Akaona ngumi chini ya shavu, na ufagio unaopita kwa hasira bila neno. Vitu vitatu, vinne. Ndivyo alivyokuwa navyo, na hakuna aliyewahi kuvigusa.

"Nikikwambia utaandika," alisema.

"Nitaandika."

"Basi alikuwa mtu wa kawaida tu," Phoebe alisema, akainuka kwenda kutafuta sahani yake.